Breki Zikiwa Baridi

Kabla ya kusimulia lililotokea, yafaa nieleze hali ilivyokuwa. Lori lenyewe lilikuwa la Kiingereza, la zamani, lililoingia nchini kabla ya uhuru na kutumiwa na wenye mashamba makubwa kabla ya kununuliwa na Mzee Dahir, mfanyabiashara Msomali aliyekuwa na duka la jumla mjini Eldoret na aliyesafirisha mahindi kutoka mji mdogo wa Turbo. Breki zake zilitumia mafuta: dereva akikanyaga pedali, mafuta yaliyojaa katika mabomba membamba husukuma vipande vya kushikia gurudumu, na gurudumu husimama. Mafuta hayo hayazunguki. Yaliyo karibu na gurudumu hubaki hapo hapo, mwezi baada ya mwezi, mpaka mtu ayafungulie na kuyatoa. Mwaka ninaousimulia fedha za kigeni zilikuwa adimu, na kila kilichoagizwa kutoka nje kilikuwa adimu vilevile. Mwenye duka la vipuri alikaa nyuma ya rafu tupu akisoma gazeti. Hakuna aliyelalamika kwa sauti, kwa kuwa ilikuwa miaka ya chama kimoja, na lalamiko kuhusu bidhaa liliweza kusikika kama lalamiko kuhusu jambo jingine. Watu walijitafutia njia. Madereva wa Turbo nao walikuwa na njia yao: mafuta ya breki yakipungua na yasipatikane, waliyeyusha sabuni ya kufulia katika maji ya moto, wakayachuja kwa kitambaa, wakayamimina katika kikopo cha breki. Pedali ilirudi kuwa ngumu na lori likasimama lilipoamriwa. Kila mmoja wao alijua kwamba hiyo ilikuwa dawa ya muda, na kwamba mafuta halisi yakipatikana ni lazima maji ya sabuni yatolewe yote, gurudumu baada ya gurudumu. Kazi hiyo ilitaka watu wawili, mmoja juu akikanyaga na mwingine chini akifungua, na ilikula sehemu kubwa ya siku.

Naandika haya kwa sababu mwaka huu tulimzika Ochieng', aliyekuwa dereva wa lori hilo. Alizikwa kwao, karibu na ziwa, katika boma lililojaa viti vya kukodi na nyimbo za kanisa. Niliombwa kusema machache, nikasema machache. Baada ya chakula, binti yake Risper, ambaye mwaka ninaousimulia alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni na sasa ni muuguzi mwenye watoto wake, aliniketisha kando ya ghala la mtama na kuniuliza, kwa adabu na bila kuzunguka, kama ni kweli kwamba baba yake aliwahi kushtakiwa kwa kumuua mume wangu. Nilimwambia kwamba ni kweli alishtakiwa. Akauliza, "Na ilikwishaje, Mama?" Watu walikuwa wanaaga, gari letu lilikuwa limewashwa, na jibu lake halikuwa la kutolewa mtu akiwa amesimama. Nilimwahidi kwamba nitaliandika.

Tuliishi mtaa wa West Indies, mjini Eldoret, katika ua wenye vyumba vya mabati vilivyozunguka bomba moja la maji. Chumba chetu, mimi na Ezra, kilipakana na cha Ochieng' na mkewe, Mama Risper, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mbao zisizofika darini, kwa hiyo tulijua wao walipokosana, walipopatana, na walipokuwa wanahesabu chumvi. Chumba chetu kilikuwa na kitanda, meza niliyosahihishia madaftari ya wanafunzi wangu wa historia, redio, na pazia la maua lililogawa mahali pa kulala na mahali pa kupikia. Jioni milango ilifunguliwa na majiko yakatolewa nje. Mama Risper alikuwa mpishi wa omena, wale dagaa wa ziwani, asiye na mfano: alizikaanga kwanza zikiwa kavu mpaka zikalia kama changarawe, ndipo akatia nyanya, na harufu ilipofika kwetu Ezra alikuwa akiweka kalamu chini na kusema, "Jirani anatuita," ingawa hakuna aliyekuwa ameita. Ezra alikuwa karani wa mizigo wa Mzee Dahir. Ndiye aliyeamua lori litoke lini na lipakie nini, na Ochieng', ambaye alikuwa mkubwa kwake kwa umri, alitii kwa sababu hivyo ndivyo kazi ilivyopangwa. Nje ya kazi Ochieng' alimwita "mdogo wangu", na mimi aliniita "shemeji".

Jioni moja, mavuno yakiwa yamepamba moto, Ezra aliingia na mikono myeusi akaniomba kipande cha sabuni. Nilimuuliza anafua nini saa hiyo. "Nafulia lori ya Mzee tumbo," akasema. Ochieng', aliyekuwa amesimama mlangoni na sufuria ya maji ya moto, akaongeza, "Usimnyime, shemeji. Hiyo gari leo inataka kuoga ndani." Mama Risper aliinua kichwa kutoka kwenye jiko lake. "Na siku mtakosa dizeli," akauliza, "mtaweka uji?" Wakacheka wote watatu, nami nikakata sabuni kwa kisu cha mkate. Naikumbuka sauti ya kisu kikipita katika sabuni zaidi kuliko ninavyoukumbuka uso wa Ezra jioni hiyo. Nimewahi kusikitikia jambo hili, kisha nikaacha, kwa kuwa kumbukumbu haituulizi tunataka kubaki na nini.

Siku chache baadaye alirudi na kopo la mafuta halisi ya breki, alilolipata kwa mtu aliyetoka Kitale, akaliweka juu ya meza yangu katikati ya madaftari kama mtu aliyeleta zawadi. Lilikuwa limekwisha kutumika nusu. Tulikaa nje tukimenya viazi, na mazungumzo yaliyofuata niliyasikia yote, kwa kuwa nilikuwa kati yao.

"Nimejaza kikopo mpaka juu," Ezra alisema. "Sasa pedali ni kama mpya."

"Umejaza juu," Ochieng' akasema. "Huko chini bado ni sabuni. Lala chini sasa hivi, mimi nikanyage, tuitoe."

"Mzee anataka mahindi ya Turbo kesho kabla mvua irudi. Tutatoa Jumapili."

"Jumapili mimi ni mzee wa kanisa. Nilale chini ya lori na suti?"

"Basi Jumatatu asubuhi."

"Jumatatu, karani. Usije ukaniambia tena Turbo."

"Jumatatu, nimesema."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Walipakia mahindi Turbo, wakarudi, na kwa sehemu kubwa ya njia walikuwa nyuma ya trekta lililovuta tela, barabara ikiwa nyembamba na yenye magari kutoka mbele, hivi kwamba Ochieng' alilazimika kugusa breki, kuachia na kugusa tena, lori likiwa na uzito wake wote. Trekta lilipokata kuingia shambani, mbele yao ulikuwa mteremko unaoshuka mtoni. Alikanyaga, na pedali ikaenda mpaka chini bila kushika kitu. Alijaribu kurudisha gia, ikakataa. Breki ya mkono haikuweza kulizuia lori lenye mzigo. Aliligeuza likagonga ukingo wa udongo kabla ya daraja, na upande uliogonga ulikuwa wa kushoto, alikokaa Ezra. Ochieng' alivunjika mbavu. Haya ndiyo yote ninayoyajua kuhusu ajali yenyewe, nami niliyapata baadaye, kidogo kidogo, kutoka kwa aliyekuwa kwenye usukani.

Kuhusu mazishi sitaandika. Nilikuwepo, nilivaa nilivyovishwa, na nilikula nilichopewa. Watu walisema baadaye kwamba nilikuwa imara, na wengine wakasema kwamba moyo wangu ulikuwa mgumu, lakini mimi sikuwa nimechagua lolote kati ya hayo. Nilijihisi kama mtu aliyelalia mkono wake mpaka ukafa ganzi: anauona, anajua ni wake, anaweza hata kuuinua kwa kutumia mkono mwingine. Niliporudi West Indies nilikuta chumba kimefagiliwa na sufuria zangu zimeoshwa. Mama Risper aliniletea ugali na mboga kila jioni, akaketi mpaka nimalize, akaondoka na sahani. Hakusema pole zaidi ya mara ya kwanza. Ochieng', aliyekuwa nje kwa dhamana aliyowekewa na Mzee Dahir, aliketi uani kutwa nzima akiwa amefungwa bendeji kifuani, na nilipopita kwenda bombani aligeuza kiti chake kidogo, ili nisilazimike kumsalimu.

Nilipokwenda dukani kwa Mzee Dahir kuchukua koti la Ezra na chupa yake ya chai, nilipelekwa katika chumba cha nyuma, penye mikeka, magunia ya mchele na birika lililonukia iliki. Nililetewa anjera, ile mikate laini ya Kisomali, na maini, nikaambiwa nisubiri. Nyuma ya pazia Mzee Dahir alikuwa akizungumza na Kibet, fundi wake, na hawakujua kwamba nimekwisha kuingia.

"Mkaguzi wa magari amelipima hapo kituoni," Kibet alisema. "Amekanyaga, ikashika. Akasukumiwa, akakanyaga tena, ikashika. Ameandika breki ni nzima, ndiyo wakaturudishia."

"Kama breki nzima, kwa nini gari haikusimama?"

"Mzee, mimi si nabii. Dereva alilala. Ama alikuwa amekunywa."

"Ochieng' kunywa? Yule hata soda anaombea kwanza. Walahi, wewe huna haya."

"Basi alilala. Hata watu wa kanisa wanalala. Na kesi ni ya kusababisha kifo, Mzee. Hiyo ataenda ndani, watoto wake wakue bila yeye."

Niliimaliza anjera. Nakumbuka kwamba nilipangusa vidole kimoja kimoja, na kwamba wazo lililonijia halikuja na hisia yoyote. Lilikuja kama sentensi katika kitabu. Mkaguzi alikuwa ameuliza kama breki zinashika, na breki zilikuwa zimemjibu ukweli. Lakini alilipima lori lililokuwa limesimama siku kadhaa. Hakuna aliyeuliza breki hizo zinafanya nini zikiwa zimepata moto. Kazi yangu ya miaka mingi tangu hapo imekuwa kusoma ushahidi wa watu wa kale, na kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi si uongo wa shahidi. Shahidi anakuwa amejibu vizuri swali ambalo halikuwa lenyewe.

Jioni nilibeba kigoda changu nikakiweka mbele ya Ochieng', mahali ambapo hangeweza kugeuka bila kuinuka. Nilimuuliza kwa nini hajawaambia polisi kuhusu sabuni.

"Sabuni gani, shemeji?"

"Niliyoikata mimi."

Alitazama mikono yake. "Mimi ndiye nilishika usukani," akasema. "Mtu wangu amelala chini. Niende kotini nimwekee maneno mdomoni? Niseme karani alikataa? Na wewe umekaa hapo na kitambaa cha matanga?"

"Ulimwambia mtoe siku ile ile."

"Nilimwambia. Na kesho yake nilipanda nikaendesha. Hakuna mtu alinifunga kamba."

Akainuka, akaingia kwake. Lakini baadaye, nilipokuwa nimeketi mezani mbele ya madaftari ambayo sikuwa nayasoma, niliisikia sauti ya Mama Risper juu ya ule ukuta wa mbao, ikiwa chini sana na isiyo na hasira. "Wewe utaenda jela na heshima yako," alisema. "Mimi nitalisha watoto heshima?"  Kisha akaongeza, "Na yeye simwambii. Akitaka kusema atasema. Mimi nikimwambia, nitakuwa nimempikia ili anilipe." Ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa akiketi mpaka nimalize kula bila kusema neno.

Asubuhi nilirudi kwa Mzee Dahir nikamwomba anipeleke gereji. Kibet alikuwa kijana mwenye maneno mengi na mwenye kuijua kazi yake, na sitaki kumdogosha kwa kuwa alikosea mara ya kwanza. Alinionyesha alichokwisha kukagua. Chini ya lori palikuwa pakavu, na mipira ya magurudumu haikuwa na unyevu, kwa hiyo mafuta hayakuwa yamevuja. Bomba halikukatika. Kikopo kilijaa mafuta safi yenye rangi yake halisi. Alikuwa ameng'oa gurudumu moja la nyuma, na lainingi, vile vipande vya kushikia, zilikuwa nene za kutosha. "Kitu moja tu sipendi," akasema, akigeuza lile dramu la chuma ambalo lainingi husugua. Ndani yake palikuwa na mabaka ya samawati, kama rangi ya mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. "Hii ilipata moto mpaka chuma ikabadilika. Lakini moto pekee haiangushi pedali, kama mafuta ni mazuri. Mafuta ya breki inavumilia."

"Na kama si mafuta?" nikauliza.

"Si umeona kikopo, mwalimu?"

"Nimeona cha juu."

Nilimweleza. Alisikiliza akiwa ameshika spana, na kabla sijamaliza alikuwa amekwisha kulipigia magoti gurudumu. Maji huchemka mapema. Yakichemka huwa mvuke, na mvuke hubonyea, mguu ukaenda chini bila kusukuma kitu. Yakipoa hurudi kuwa maji, na pedali huwa ngumu tena, tayari kwa mkaguzi. "Ai, hawa watu," alisema Kibet, kwa sauti ya mtu anayemsema jamaa yake. "Kila mtu anaweka sabuni. Hata mimi nimeweka. Lakini unatoa!" Alitaka kufungua hapo hapo. Nilimzuia. Nilimwambia kwamba tukifungua sisi, tutakuwa na maji meupe katika chupa na maneno yetu tu. Ni lazima afungue mbele ya yule aliyeandika kwamba breki ni nzima.

Mzee Dahir alikuwa amesimama nyuma yetu. Alivua kofia yake, akaifuta kwa ndani, akaivaa tena. "Mwalimu," akasema, "unajua mimi ni nani hapa mjini. Biashara yangu iko, leseni yangu iko. Lakini mimi nikisema ofisa wa serikali amekosea, kesho nitaulizwa kitambulisho cha baba yangu, na kesho kutwa cha babu yangu. Nimezaliwa Kenya hii na bado naulizwa."

"Sitasema amekosea," nikamjibu. "Nitasema kuna swali halijaulizwa. Na nitasema mimi."

 Mzee Dahir akamwambia Kibet alifungie lori geti na asiliguse.

Ofisi ya mkaguzi ilikuwa chumba chembamba chenye picha ya rais ukutani, meza, na kiti cha mgeni chenye mguu mfupi. Mkaguzi alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sura, na alikuwa akila ndizi. Nilimweleza nilichojia. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja ganda la ndizi katika gazeti, akauliza, "Wewe ni nani kwa mshtakiwa? Dada?"

"Mimi ni mjane wa marehemu."

Hapo ndipo mikono yake ilipotulia. Aliuliza kama ninaelewa kwamba ushahidi huu utamsaidia aliyekuwa akiendesha. Nikasema ninaelewa. Aliuliza kama kuna mtu amenituma. Nikasema hakuna. Alikaa akinitazama, si kwa ukali, kama mtu anayepima kitu ambacho hakijawahi kuletwa katika ofisi yake. Kisha akachukua kofia yake.

Gerejini, Kibet aliinua gurudumu la nyuma kwa jeki akaingia chini na kijibomba cha mpira na chupa ya jemu. Hapakuwa na wa kukanyaga, maana wafanyakazi wengine walikuwa wametumwa Kapseret kuchukua maziwa ya duka, na Ochieng' hakuitwa kwa ajili ya mbavu zake. Mzee Dahir, akiwa na shuka yake ya kiunoni na viatu vilivyong'aa, alipanda mwenyewe kabini. Aliingilia upande wa kulia. Wa kushoto ulikuwa bado umebonyea. "Kanyaga," Kibet aliita. "Shika. Achia. Kanyaga, Mzee, wacha kubembeleza." Sauti kutoka juu ikajibu, "Nimekanyaga kabla uzaliwe." Mkaguzi aliinama akashika chupa kwa mkono wake mwenyewe. Kilichoanza kutoka kilikuwa cheupe, chepesi, chenye povu pembeni, na harufu yake ilikuwa ya siku ya kufua, ikiwa na kitu kilichoungua ndani yake. Chupa ilipofika nusu, mkaguzi alisema inatosha. Akaenda kwa mama aliyeuza chai nje ya geti, akaazima sufuria kuukuu na mkebe wa bati, akamwaga hicho cheupe katika sufuria na mafuta ya kikopo katika mkebe, akaviweka juu ya makaa bega kwa bega. Cha sufuria kilichemka upesi na kupanda kwa povu mpaka kikazima makaa upande mmoja. Cha mkebe kilitulia.

 Mama wa chai aliuliza kama sufuria yake itarudi inafaa.

"Nilipima nilichoulizwa," mkaguzi alisema mwishowe. "Nilikanyaga, ikashika. Hakuna mtu aliniambia nipashe moto." Hakulisema kwa kujitetea, alilisema kama mtu anayesahihisha hesabu yake mwenyewe, na nimemheshimu kwa hilo siku zote. Alitoa karatasi, akailaza juu ya bodi ya lori, akaniuliza niliyoyaona na kuyasikia. Nilimweleza kuhusu sabuni, kopo, na mazungumzo ya viazi. Aliandika polepole. Alipofika mahali fulani akasimama.

"Dereva alitaka itolewe siku hiyo hiyo?"

"Ndiyo."

"Nani alisema isubiri?"

"Mume wangu."

"Sema jina."

Nilisema jina lake. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka tangu mazishi, na nililisikia likitoka katika sauti ya mtu anayeita majina darasani. Nilitazama kamba ya kiatu cha mkaguzi, iliyokuwa imefungwa fundo mbili upande mmoja na moja upande mwingine. Kisha nikatia sahihi.

Kaka mkubwa wa Ezra alifika West Indies kabla ya siku ya kesi. Alikuwa mtu wa heshima, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na alikuja peke yake. Nilimkaanga mayai, nikampa chai ya maziwa, naye akala bila haraka na kusifu mayai. Kisha akasema, "Shemeji, tumesikia kuna karatasi umeandika."

"Nimeandika."

"Ezra hana mdomo wa kujibu. Sisi ndio mdomo wake, na wewe ndiye wa kwanza. Unasimama kotini kusema alijiua mwenyewe kwa uvivu?"

"Sitasema uvivu. Nitasema alisema Jumatatu."

"Na watu watasikia nini?"

Nilimjibu kwamba sijui watu watasikia nini. Lilikuwa jibu la kweli, na halikumsaidia yeye wala mimi. Upande wa pili wa ukuta palikuwa kimya kabisa. Hata Risper hakulia. Kaka yake Ezra aliniambia kwamba nikienda mahakamani nisihesabu tena kwamba nina kwetu kule. Alilisema kwa huzuni, akiwa amesimama, kofia mkononi. Nilimsindikiza mpaka barabarani kama inavyopasa kumsindikiza shemeji, na aliniaga kwa mkono.

Mara nyingi nimejiuliza kama ningefanya vivyo hivyo laiti ningekuwa na hisia zangu zote mwaka ule. Wanafunzi wangu hupenda kuamini kwamba ukweli husemwa na wajasiri. Mimi sikuwa na ujasiri. Sikuwa na hofu pia. Mtu mwenye ganzi huweza kuishika sufuria ya moto na kuibeba hadi mahali pake, na wanaotazama humwona hodari. Inawezekana kwamba kama ningekuwa ninalia, ningelilinda jina la Ezra kwa machozi hayo, na Ochieng' angenyamaza kama alivyokusudia, na Risper angekua akimwona baba yake kupitia wavu. Silisemi hili kwa kujuta wala kwa kujisifu. Ndivyo mambo yalivyokaa.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa, na kina Ezra waliketi pamoja upande mmoja. Mkaguzi alisoma taarifa yake ya kwanza, kisha ya pili, kwa sauti ile ile. Nilipoitwa, nilieleza kwa mpangilio, kama ninavyoeleza hapa. Hakimu aliniuliza kama ninamchukia mshtakiwa au ninamhurumia. Nilimwambia kwamba tunatumia bomba moja la maji. Aliandika kitu. Ochieng' alipoulizwa kama niliyoyasema ni kweli, ilibidi karani wa mahakama amrudie swali. Akasema, "Ni kweli, lakini mimi pia nilijua." Mama Risper, nyuma ya ukumbi, aliinamisha kichwa juu ya mtoto.

Hakimu alifuta shtaka la kusababisha kifo, akamtia Ochieng' hatiani kwa kuendesha gari akijua kwamba breki zake zina kasoro, akamnyang'anya leseni na kumwachilia. Ochieng' hakuendesha tena maishani mwake. Alipima magunia katika ghala la Mzee Dahir mpaka alipozeeka na kurudi kwao. Kina Ezra walikuja wakachukua kitanda na redio, na hawakunisalimu siku hiyo wala baadaye. Muhula ulipofunguliwa nilihamia nyumba ya walimu upande wa Kapseret, nikaendelea kufundisha.